Makopo ya Nusu Bei

Mimi bei ikishuka sifurahi. Namtazama kwanza aliyeishusha. Mtu haachii mali yake hivihivi, na mzungu mwenye magazini, yaani duka, ndiye wa mwisho kabisa kuiachia, tena wiki ya Noeli, wakati mabibi zao wanashuka Avenue Royale na vikapu kana kwamba kesho chakula kitakwisha duniani. Kwa hiyo siku mume wangu Théodore aliporudi kazini akaniambia kwamba magazini kwa Kitambaa wanauza makopo ya sikukuu kwa nusu bei, sikupiga vigelegele. Nilimuuliza yana nini.

"Iko chakula ya Noeli, Godelive. Chakula ya bazungu."

"Hiyo nimesikia. Nauliza iko na ugonjwa gani."

Alicheka, akaning'iniza koti lake msumarini. Théodore alikuwa karani wa kampuni ya malori. Alivaa tai hata siku za mvua, na aliamini kila kitu kilichotoka kwenye mashine. Mimi nililelewa Kabare na bibi aliyenusa hata maji ya kunywa, akaishi mpaka meno ya mwisho yakamdondoka. Sijaona bado nani kati ya hao wawili alikuwa na akili zaidi.

Hata hivyo makopo nilikuwa nayahitaji, na kuyahitaji kwenyewe ndiko kulikoniuma. Nieleze basi, usije ukaniona mwanamke mlafi tu.

Miaka miwili kabla ya hapo, shemeji yangu Emile, mdogo wake Théodore, alikuja kutoka Kamituga alikokuwa akichimba dhahabu. Alikuja amekonda, macho yamezama, anakohoa mpaka anashika ukuta. Alilala kwetu hapa Kadutu, akala maharagi yangu na samaki wadogo wa ndakala, akanywa kasiksi kidogo, pombe yetu ya ndizi, akanisifu mapishi. Kesho yake akapanda lori kwenda kwa mama yake Kavumu. Juma halikuisha, akafa. Hakuna aliyeuliza alivuta vumbi gani chini ya ardhi kule Kamituga. Waliuliza alikula wapi mara ya mwisho akiwa anatembea kwa miguu yake. Alikula kwangu.

Kwetu neno hilo linatosha. Sisi watu wa Bushi tunaogopa karuho, sumu ile inayoua polepole, kuliko tunavyoogopa radi. Ndiyo maana anayekukaribisha pombe huionja kwanza mbele yako, na chupa hufunguliwa machoni pako. Ukiletewa iliyofunguliwa jikoni, unasema asante, unasema tumbo linakusumbua, unaiacha pale pale. Tangu mazishi ya Emile, hakuna mtu wa ukoo wa Théodore aliyetia kinywani kitu kilichopita mikononi mwangu. Walikuja, wakakaa, wakaulizia watoto, wakaondoka na njaa yao. Mama mkwe wangu, Maman Cibalonza, alikuwa anakuja na chupa yake ya maji kutoka Kavumu. Alikuwa akiiweka katikati ya miguu yake muda wote wa mazungumzo, na mimi namtazama, naona aibu ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Halafu padri wa kwao akamwambia kwamba komunyo ya Noeli hataipokea huku amemfungia moyo mke wa mwanawe. Mama akatuma neno kupitia tonton Aloys, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu: atakuja siku ya Noeli, atakaa mezani kwangu. Akila, maneno yamekwisha. Aloys akaongeza na yake. Asipokula, ukoo utamtafutia Théodore mwanamke mwingine, na mimi nitarudi Kabare, na watoto watabaki kwao. Clémence wangu na wadogo zake! Alisema hayo akiwa amesimama mlangoni, kofia kichwani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mbuzi. Théodore alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Basi nikafikiri usiku na mchana. Kuku nitamchinja mimi. Bugali nitausonga mimi. Mchele nitauchambua mimi. Kila chakula nilichokijua kilikuwa na alama ya vidole vyangu. Ni kopo tu ambalo sijaligusa ndani. Kopo limefungwa Ulaya, na mashine, na watu ambao hawajui kama Emile aliwahi kuzaliwa. Likifunguliwa mezani, mbele ya macho ya Maman Cibalonza, hata Aloys hataweza kusema kwamba nimeingiza kidole. Nilipomweleza Théodore alisema ni mawazo ya kisasa, akafurahi, akadhani tai yake imeanza kuniambukiza.

Ila makopo ya kweli, yale ya nyama yenye picha za dhahabu na utepe mwekundu, yalikaa juu kabisa kwenye kioo cha magazini, na mshahara wa karani haukufika juu hivyo. Ndipo ikaja hiyo nusu bei. Ilikuja siku ileile niliyoihitaji, jambo ambalo nalo lilinitia wasiwasi. Mungu ninamjua, si mtu wa kuharakisha mambo hivyo.

Nilikwenda kesho yake. Mwenye magazini tulimwita Kitambaa kwa sababu hakuacha kujifuta shingo, hata asubuhi ya baridi. Mlango wa mbele ulikuwa wa wazungu, na sisi tulihudumiwa kwenye dirisha la pembeni, upande wa mfereji. Mwaka ule, elfu moja mia tisa hamsini na saba, walisema mambo yamebadilika, watu waliostaarabika wanaweza kuingia ndani. Théodore alijaribu mara moja. Alisimama katikati ya magazini mpaka miguu ikamuuma, na hakuna aliyemuona. Basi mimi nilikwenda dirishani, ambako angalau wanakuona vizuri ili usiibe.

Aliyeuza dirishani alikuwa Lucien, kijana wa mtaani kwetu Kadutu. Makopo yalipangwa nyuma yake. Yalikuwa uchi. Hayakuwa na karatasi, picha wala herufi hata moja, bati tupu linalong'aa, mengine yameanza kutu kwenye ukingo.

"Lucien, karatasi iko wapi?"

"Imetoka, Mama Clémence."

"Imetoka ikaenda wapi?"

"Camion ilikwama mu maji kule chini, kupita Luvungi. Makartoni ikalala mu maji, karatasi zote zikabanduka. Lakini makopo yenyewe iko muzima. Njo maana patron anauzisha nusu bei."

"Na ndani iko nini?"

"Iko jambon. Iko petits pois. Iko matunda ya sukari. Iko bintu mingi muzuri."

"Hii moja, ile unashika, iko nini?"

Lucien alilitazama kopo. "Hii moja, sijuwe."

"Na patron?"

"Patron naye hajuwe."

Wakati huohuo Kitambaa mwenyewe akatokea ndani na mama mmoja wa kizungu mwenye kofia. Alichukua kopo moja, akalitikisa karibu na sikio lake, akasema neno la Kifaransa, akacheka. Mama yule hakucheka. Alilisukuma lile kopo kwa ncha ya kidole kimoja, kama mtu anayesogeza kiroboto, akaonyesha yale ya juu yenye picha za dhahabu. Niliona kwa macho yangu. Na mama yule nilimfahamu, mpishi wake tunasali naye. Ni yeye anayewanunulia hata mbwa wake nyama ya kopo.

"Lucien," nikasema polepole, "bambwa ya bazungu nabo banakulaka mu makopo, ao?"

"Kuko yabo, ndiyo. Lakini ile ilikuwa mu kartoni ingine."

"Na ile kartoni ingine haikuanguka mu maji?"

Lucien akamuuliza mtu aliyekuwa nyuma yangu anataka nini.

Nilinunua. Nilinunua huku nafsi yangu inanitukana. Ungefanyaje? Kwa upande mmoja kulikuwa na mbwa wa wazungu, kwa upande mwingine kulikuwa na Aloys na mwanamke wake mpya wa kumletea Théodore. Nilichagua makopo yaliyokuwa hayana kutu, nikayafunga kwenye kitenge, nikayabeba mgongoni mpaka Kadutu. Njia nzima yaligongana huku yakinong'ona, na kila moja lilikuwa na sauti yake. Moja lilikuwa na maji ndani. Moja lilikuwa zito na kimya kabisa, na hilo la kimya ndilo nililoliogopa.

Nyumbani nilimkuta jirani yangu Eulalie ameshakaa kibarazani kwangu. Eulalie ana pua inayojua mzigo wa mtu kabla haujafunguliwa. Alipoyaona makopo alipiga makofi mara moja tu, ya huzuni.

"Godelive, na wewe uliuziwa!"

"Nimeuziwa nini?"

Alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Unafikiri maji njo ilitosha karatasi, ikaibandua? Banaitosha makusudi! Hausikiaka habari ya batumbula? Bale banatembeaka magaribi, banakamata mutu, hapana kumuona tena? Unafikiri banamupelekaka wapi? Kopo yenye picha ya ngombe ni ngombe. Yenye picha ya samaki ni samaki. Isiyo na picha ni ya nani, sasa?"

"Wacha ujinga, Eulalie."

"Nitawacha. Lakini yule mutu wa machine ya kupasua mbao, alipoteaka mwezi gani?"

Nilimfukuza kwa maneno matamu. Mimi si mjinga, nilisoma kwa masista mpaka darasa la tano. Lakini alipoondoka niliyatoa makopo kitandani nilikokuwa nimeyatua, nikayapanga chini karibu na mlango. Nilikumbuka wahenga: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kisha nikakumbuka kwamba maneno hayohayo ndiyo yaliyosemwa juu yangu kisimani, wanawake wakinipisha njia na ndoo zao, eti lisemwalo lipo. Nikamkasirikia Eulalie kwa nguvu zangu zote, maana nilikuwa nimemwamini.

Asubuhi nilishindwa kuvumilia nikafungua kopo moja. Nilichagua lile lenye maji. Zilikuwa njegere za kijani, zimelala ndani ya maji ya rangi ya majivu. Watoto walizionja, wakatemea kuku, na kuku nao wakazizunguka. Njegere hazikuwa mtu, hazikuwa chakula cha mbwa. Lakini hazikuniambia kitu juu ya makopo yaliyobaki. Théodore alinung'unika kwamba nimeharibu kopo zima kwa ushirikina. Nilimjibu kwamba kama yeye hana wasiwasi, alifungue lile zito, alile peke yake, na siku ya Noeli tutamuonyesha mama yake bati tupu. Akasema amechelewa kazini.

Noeli ikafika. Tulirudi misa ya asubuhi, Théodore akatandika kitambaa cheupe mezani, akapanga uma na visu na sahani zetu zote, na katikati akasimamisha makopo kwa mstari, pamoja na kifungulio kipya. Alisema inapendeza. Niliona meza ya hakimu. Nje, chini ya kibanda, nilikuwa nimeinjika chungu cha maharagi na nimesonga bugali, kwa ajili ya watoto tu. Mtoto hawezi kushiba kwa mambo ya wakubwa.

Walifika jua likiwa juu, Maman Cibalonza na tonton Aloys, wameshuka lori la Kavumu na vumbi hadi kwenye nyusi. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Chupa yake ya maji aliishika mkononi. Alimbusu Clémence, akanipa mimi vidole vinne vya baridi. Aloys alikaa bila kuvua kofia.

Théodore alisali, akatoa hotuba. Alisema tuko katika karne ya maendeleo, alisema mama yetu ametupa heshima, alisema chakula hiki kimefungwa na mashine na mkono wa mtu haukukigusa. Hapo Aloys akachukua kopo moja, akalizungusha, akatazama chini yake, akatazama juu yake.

"Picha iko wapi?"

"Ilitoka mu maji, tonton," akasema Théodore. "Luvungi."

"Luvungi," akarudia Aloys, kwa sauti inayosema kwamba Luvungi nayo haipo. "Mumenunua chakula bila kujua ni nini? Ao mulijua, mukatosha picha?"

"Tonton, nani atatosha picha mu kopo?"

"Mimi nauliza tu. Kitu yenye kufichwa jina, iko na sababu."

Nilibana meno. Ningeweza kumuuliza yeye mwenyewe ameficha nini chini ya kofia ile, lakini nilimkumbuka Clémence, nikapanga upya uma zilizokwisha kupangwa.

Maman Cibalonza alinyoosha mkono, akagusa makopo moja baada ya jingine kwa kidole, polepole, huku akinitazama usoni mimi na si makopo. Alitaka kuona ni lipi litanishtua. Nilijitahidi uso wangu uwe ukuta. Akafika kwenye lile zito, la kimya. Sijui uso wangu ulifanya nini. Akasimamisha kidole hapo.

"Hii."

Théodore alilifungua. Bati lilipumua kidogo, kifungulio kikazunguka, kifuniko kikainuka. Ndani kulikuwa na nyama. Nasema nyama kwa sababu sina neno lingine. Ilikuwa laini, yenye rangi ya ufizi wa mtoto mchanga, na juu yake kulikuwa na ngozi nyeupe na kitu kinachotetemeka kama uji ulioganda. Ilinukia moshi na karafuu. Mfupa haukuwepo, manyoya hayakuwepo, na umbo la mnyama ninayemjua sikuliona. Watoto waliokuwa wakichungulia mlangoni walirudi nyuma wote pamoja.

Aloys alisimama. "Huyu ni nani?"

Hakusema hii ni nini. Alisema huyu ni nani.

"Ni jambon, tonton!" Théodore alikuwa anacheka bila sauti. "Jambon, nguruwe!"

"Imekuambia?"

Mama mkwe alisukuma sahani kuelekea upande wangu. Hakumsukumia mwanawe. Alinisukumia mimi.

"Onja," akasema.

Ni haki yake, ndiyo desturi, na kwa ajili ya desturi hiyohiyo nilikuwa nimenunua makopo. Lakini hapo ndipo niliona nilivyojitega mwenyewe. Nikikataa, nimekiri. Watasema anajua kilichomo, na jioni ile nitafunga nguo zangu. Nikila, na maneno ya Eulalie yakawa kweli, basi nimekula mtoto wa mwanamke mwenzangu siku ya kuzaliwa Bwana, na hakuna padri wa kuniondolea hiyo.

"Ngoja, hata mimi nitaonja naye," akasema Théodore kwa ushujaa. Akakata kipande, akakiinua kwenye uma, akakitazama. Akakitazama tena. Akakishusha. "Tusali kwanza," akasema.

"Tumeisha sali!" nikamwambia.

Akasali mara ya pili. Mume wangu wa tai na karne ya maendeleo! Ningempiga na kopo lile kama wageni wasingekuwepo. Alipofika "Amina" hakuinua uma. Nikajua niko peke yangu.

Nilichukua kipande. Uma uligonga sahani, tena na tena, kwa sababu mkono wangu ulikuwa hautulii. Niliushika kwa mkono wa pili, na mikono yote miwili ikatetemeka. Jasho lilinishuka mpaka machoni. Nikafumba macho, nikatia mdomoni, nikameza bila kutafuna. Sijui ladha yake hata leo. Nilishika meza, nikangoja, sijui nilingoja nini. Nilikuwa nalia na sikuwa nimejua.

"Munaona!" Aloys alipiga meza. "Munaona sasa! Angalia mikono! Mutu bila kosa anatetemekea nini? Cibalonza, simama, tuende. Théodore, batoto banakuya na sisi."

Clémence alinikimbilia akanishika kiuno. Théodore alisema "tonton, tonton," basi. Maneno yangu yote ya miaka miwili, niliyokuwa nayapanga nikichota maji, nikifua, nikilala, yalikuwa yameshuka tumboni pamoja na nyama ile.

Maman Cibalonza hakusimama. Alikuwa bado ananitazama, kichwa upande. Kisha akageuza pua kuelekea mlangoni.

"Kule inje kunanukia nini?"

"Maharagi, Maman," nikasema. "Ya batoto."

"Nani amepika?"

"Ni miye."

"Leta."

Nilidhani ananidhihaki. Nilidhani anataka kukamilisha ushahidi. Lakini mkwe haulizwi mara mbili. Nikatoka, nikapakua bugali na maharagi kwenye sahani ya bati ya watoto, maana sahani nzuri zote zilikuwa mezani, nikaleta, nikaiweka mbele yake, nikanyoosha mkono nionje kwanza. Sahani haikuwepo mbele yangu tena. Alikuwa ameivuta kwake, ameshamega, ameshachovya, ameshatia mdomoni.

"Cibalonza!" Aloys alipiga kelele. "Aonje kwanza!"

"Ameisha kuonja," akasema mama, anatafuna.

"Hajaonja hiyo!"

"Aloys, kaa chini. Miye ni mutu muzee, nimeona batu ba sumu. Mutu wa sumu anajuaka sumu iko wapi. Anaonja mbele yako, anacheka, sababu anajua upande gani ametia. Huyu hakujua. Umeona vile aliogopa? Aliogopa sawa vile miye naogopa." Akamega tena. "Mutu anaogopa sumu hivi, hawezi kuipika."

Akaendelea kutafuna. Ukifikiri nilifurahi, hunijui. Hasira ilinipanda kutoka miguuni. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Kumbe ilitosha nitetemeke mbele yake mara moja!

"Maman," nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "miaka mbili. Miaka mbili hamukunywa hata maji yangu. Batoto bangu banachekwa ku masomo. Ku kisima nachota peke yangu. Miaka mbili!"

"Najua."

"Hapana! Haujui!"

"Najua," akasema tena. Lakini mkono wake ulikuwa umesimama njiani, na bugali ndani ya vidole, na uso wake ukaanza kuharibika. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anaitazama sahani.

"Kama haikuwa wewe," akasema, "sasa Emile wangu, nitamukasirikia nani?"

Aloys alivua kofia. Théodore alijifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mimi jibu nilikuwa nalo, la moto, nimelipika kwa miaka miwili: kasirikia Kamituga, kasirikia mashimo yao, kasirikia waliomwona anakohoa wakamwambia achimbe tu. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikamtazama mwanamke yule, machozi yanadondoka ndani ya maharagi yangu, nikaona kwamba siku zote hizi alikuwa amesimama kwa kuniegemea mimi, na sasa nimeondoka, hana pa kushika. Jibu langu lisingemsaidia kitu. Nikavuta kiti karibu naye, nikanawa, nikamega bugali kwenye sahani yake ileile, tukala.